Muulize Mwalimu wa Mifugo: Kuku Alipita, Lakini Yu Hai?

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nasomea sayansi ya wanyama. Kila wiki mhadhiri hutuletea habari moja ya kilimo au mifugo, nasi tunaandika ukurasa mmoja wa maoni. Safari hii ilikuwa habari ya mwaka 2024: Marekani walipima maziwa ya madukani, na sampuli 1 hivi kati ya 5 ikaonyesha mafua ya ndege. Niliandika kwamba habari inatisha, serikali zichukue hatua na wafugaji waelimishwe. Nimepewa 4 kati ya 10, na pembeni kuna wino mwekundu: "Haya ungeyaandika hata bila kusoma." Nimeumia. Nilikosea wapi? (Aliyekatwa Maksi)

Marahaba. Mhadhiri wako ana ulimi mkali, lakini fanya jaribio hili. Futa "mafua ya ndege" kwenye ukurasa wako, weka "nzige". Kila sentensi itasimama vilevile. Maksi 6 ziliendea hapo.

Turudi kwenye habari. Machi 2024 virusi vya H5N1, aina ya mafua ya ndege, vilithibitishwa kwa ng'ombe wa maziwa huko Texas na Kansas. Wanyama walikuwa wamepoteza hamu ya kula, maziwa yameshuka, na ya baadhi yao yamekuwa mazito kama dang'a. Maziwa ndiyo yaliyokutwa yamejaa virusi, kuliko hata makamasi ya puani. Mafua yaliyohamia kwenye kiwele! Mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliacha chai ikapoa. Wewe umeipita kama kibao cha njiani.

Halafu njoo kwenye hiyo 1 kati ya 5. Kipimo kilikuwa PCR, ambacho hutafuta vipande vya vinasaba vya kirusi. Kirusi kikiwa hai kitaonekana. Kikiwa kimeuawa na joto, vipande vyake bado vinaelea kwenye maziwa na kipimo bado kinasema "kipo". Ni kama kukuta manyoya uani: umejua kuku alipita, hujajua kama yu hai. Kwa hiyo wataalamu walichukua sampuli zilizokuwa na vipande, wakazidunga kwenye mayai yenye viinitete (vifaranga vinavyoanza kukua), mahali ambapo kirusi hai kingezaliana. Hakuna kilichozaliana. Maziwa yale yalikuwa yamepitishwa kwenye joto kiwandani, na kiwango kinachotumika sana ni nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15. Maziwa mabichi ni kesi nyingine kabisa: kuna paka wa mashamba yenye ugonjwa waliolishwa maziwa hayo, wakaugua, na wengi wao wakafa.

Unaona ukurasa wako ungeweza kubeba nini? Ungeuliza kilichopimwa ni kirusi au mabaki yake. Ungeuliza mkamuaji anajikingaje, maana mtu wa kwanza aliyethibitika kuambukizwa katika mlipuko ule alifanya kazi karibu na ng'ombe, na dalili yake ilikuwa macho mekundu. Hilo peke yake lina ukurasa mzima. Chagua moja ulikazie.

Nisikufiche, nami nilipitia huko. Nikiwa mwanafunzi kwenye mafunzo ya vitendo, nilipima damu ya ng'ombe mmoja kutafuta brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Matone yakagandana, nikamtangazia mwenye ng'ombe kwa sauti ya daktari kamili kwamba mnyama wake ni mgonjwa. Mzee akanitazama, akaingia ndani, akatoka na kadi: ng'ombe alichanjwa akiwa mtamba mdogo. Kipimo kile kilitafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya ugonjwa, na kingamwili za chanjo ya aina ile hazijitenganishi na za ugonjwa. Kipimo hakikukosea. Mimi ndiye niliyekilisha maneno.

Mwalimu, darasa letu limegawanyika. Tulipewa habari ya Desemba 2024, watu wa Uingereza wakimwaga maziwa kwenye sinki kwa sababu ng'ombe wa majaribio watapewa dawa ya kupunguza methani, gesi inayochangia joto la dunia. Nusu yetu tumeandika kwamba ni sumu, nusu tumewacheka waliomwaga. Nani ana haki? (Wa Safu ya Nyuma)

Wote mmejibu sinki. Hakuna aliyejibu ng'ombe.

Bidhaa hiyo ni Bovaer, na kiini chake kinaitwa 3-NOP. Kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe kuna vijidudu vinavyotengeneza methani, ambayo hutoka zaidi kwa kubeua. 3-NOP huziba kimeng'enya, yaani kichochezi, ambacho vijidudu hivyo hukitumia katika hatua ya mwisho ya kuitengeneza, na methani ya ng'ombe wa maziwa hupungua kwa takribani asilimia 30. Baada ya kazi hiyo huvunjika humo humo tumboni. Onyo la hatari mliloliona likizunguka mitandaoni lilihusu mtu anayeshika unga wenyewe ukiwa mkali, si anayekunywa maziwa. Walioandika "sumu" wanadaiwa kipimo: kiasi gani, kwa nani?

Waliocheka nao wasikimbie. Mwaka 2025 baadhi ya wafugaji wa Denmark walilalamika kwamba ng'ombe wao wameugua na kupunguza maziwa baada ya kuanza kulishwa bidhaa hiyo. Malalamiko si ushahidi wa chanzo, lakini mtu anayewakamua ng'ombe wale wale kila alfajiri hadharauliwi kwa emoji ya kicheko. Mwanafunzi angeuliza: chakula kilibadilishwa pamoja na nyongeza hiyo? Kilichanganywa sawasawa? Kuna kundi jirani, malisho yale yale, lisilopewa, tulinganishe?

Mimi nawaweka wote kwenye 5 kati ya 10, na safu ya nyuma ijue sina upendeleo.

Niliandika muhula uliopita kwamba mafua ya ndege ni ugonjwa wa ndege, ng'ombe hahusiki. Sasa naona aibu. Nichane ule ukurasa? (Mwenye Daftari)

Usichane. Kabla ya Machi 2024 hata madaktari wengi wa mifugo hawakuwa wakimfikiria ng'ombe wa maziwa kwenye ugonjwa ule. Andika tarehe juu ya ukurasa wa zamani, acha mistari miwili, kisha andika chini yake kilichokubadilisha mawazo: kipimo gani, cha mnyama gani, lini.