Wateja 361 wanaingia, wa 362 anavuruga kila kitu

SWALI: Niko Kigoma, mwalo wa Kibirizi. Nimeandika kwa Turbo C (kompaila ya lugha ya C) programu ya DOS (mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta) ya kutunza madeni ya wateja wa dagaa, kwenye kompyuta ya zamani yenye prosesa ya 486. Nimeomba nafasi ya wateja 2000, kila mmoja baiti 40, kwa malloc, amri ya kuomba memori: malloc(2000 * 40). Wateja 361 wanaingia vizuri, halafu majina yanaharibika na mashine inaganda. Kompyuta ina MB 8. Memori inaishia wapi?

JIBU: Ndugu yangu, memori haijaisha. Shika kalamu tupige hesabu. 2000 mara 40 ni 80,000. Turbo C inaifanya hesabu hiyo kwa biti 16, ambazo mwisho wake ni 65,535. Ikivuka hapo inaanza tena sifuri. Kinachobaki ni 80,000 kutoa 65,536, yaani 14,464. Hizo ndizo baiti ulizopewa, bila onyo lolote. Gawanya kwa 40: wateja 361, zinabaki baiti 24. Basi mteja wa 362 ana baiti 24 kwenye eneo lako, na 16 zimekanyaga data nyingine.

Kuhusu MB 8: prosesa ya 8086 ya mwaka 1978 ilikuwa na anwani za MB 1 tu. Programu za DOS zikaachiwa KB 640 za chini, juu yake skrini na BIOS (programu ya msingi ya mashine). 486 yako ikiendesha DOS inafuata mpango huohuo. Memori ya juu ya MB 1 hufikiwa kupitia HIMEM.SYS, faili ya DOS inayosimamia memori hiyo, kwa kunakili data kwenda na kurudi. Usihangaike nayo, baiti 80,000 zinaenea chini.

Badala ya malloc, tumia farmalloc, inayoweza kutoa zaidi ya baiti 65,535: andika farmalloc(2000L * 40). Hiyo L ndiyo inayoifanya hesabu iende kwa biti 32. Kisha pointa (kigezo kinachoshika anwani ya memori) iwe ya aina ya huge, si far. Anwani hapa ni kama tiketi ya treni ya Tabora: namba ya behewa na namba ya kiti. Pointa ya far ikimaliza kiti cha 65,535 hairukii behewa linalofuata, inarudi kiti cha sifuri cha behewa lilelile, na deni la mteja wa kwanza linafutwa. Ya huge hubadilisha behewa yenyewe. Kompaili kwa modeli ya Large (mpangilio wa memori unaochaguliwa ndani ya Turbo C), na uangalie kama farmalloc imerudisha NULL, yaani imekosa nafasi, kabla ya kuandika chochote.

Faili ulizohifadhi baada ya kuvuka wateja 361 usiziamini. Ingiza upya madeni hayo kutoka kwenye daftari.