Binti kapangiwa bodingi ya wasichana Tabora? Ndoo kwanza, mengine baadae

Dada uliyeandika toka Kasulu, nimekuelewa, binti yako kachaguliwa fom faivu bodingi ya wasichana huku Tabora na ndugu wameshakujaza hofu, mara njuka, yaani wanafunzi wapya, wanateswa, mara kuna mashetani, mara wasichana watupu wakikaa pamoja wanaharibika. Mimi ni wa Ujiji, nimesoma bodingi mkoa huohuo wa Tabora miaka ya 2000 na kitu, shule siitaji, kwahyo nakujibu kwa niliyoyaishi na pale palipobadilika ntasema.

Hilo la njuka nalimaliza haraka maana ndo linaogopwa sana na ndo dogo. Wiki za mwanzo utaitwa katikati ya bweni ujitambulishe, jina, umetoka wapi, olevo umesoma wapi, ulipata divisheni ya ngapi, na ukisema wani wanaguna ukisema thrii wanacheka, hamna jibu zuri. Utaambiwa upime korido kwa njiti ya kiberiti, utaambiwa upulize taa ya umeme izime, ukipuliza kuna mtu kakaa kwenye swichi anaizima kweli afu bweni zima linakupigia makofi. Wa kutoka Kigoma tulikua tunaambiwa tusalimie kwa Kiha, unasema mwakeye, Wanyamwezi wanakujibu mwangaluka kwa sauti ya kuvuta, yanaanza mabishano ya nani mshamba zaidi. Mpaka siku ya welkamu fom faivu, pale dainingi wanapika pilau, mnaimba, mnacheza, na kuanzia hapo atakaemsumbua njuka anapelekwa kwa metroni, mama mlezi wa bweni. Kupigwa au kunyang'anywa vitu hiyo sio mila, huo ni ukorofi, binti aripoti siku hiyohiyo asisubiri.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyekwambia. Kinachopanga maisha ya bweni ni MAJI. Fom faivu wanaripoti mwezi wa saba, Tabora mvua zinakua zimekata muda mrefu na hazirudi mpaka kwenye wa kumi na moja huko, kwahyo mtoto anaingia shule katikati ya kiangazi. Enzi zetu bomba lilikua linatoka kwa kujisikia, alfajiri ukisikia ndoo zinagongana unajua limetoka, watu wanaruka toka juu ya dabodeka, vitanda vya ghorofa, bila viatu na baridi ile ya Tabora ya mwezi wa saba ambayo watu wa mikoa mingine hawaijui wanadhani Tabora ni joto tu. Foleni hasimami mtu, inasimama ndoo. Unaiacha pale imeandikwa jina kwa rangi ya kucha, unaenda kufagia eneo lako au kuwahi uji, na hapo ndo unamjua rafiki, yule anaebaki anaisogeza ndoo yako foleni ikisogea. Ukiwa huna mtu wa kukusogezea utakuta ndoo yako imewekwa pembeni na waliokuja nyuma yako wameshaoga.

Fom siksi walikua hawapangi foleni, wanakuja na ndoo zao wanaweka mbele na hamna anaesema kitu, sio sheria ya shule ila ilikuepo tangu zamani na sisi tulipofika siksi tukaifaidi vilevile, siwezi kukudanganya. Ila walikua na wajibu, siksi akikuona njuka unaumwa malaria unatetemeka kitandani ni yeye anaepanga nani anakuletea maji ya kuoga na nani anakuchukulia chakula dainingi. Kesi nyingi za bweni zilikua za ndoo. Mtu kachota vikombe viwili kwenye ndoo ya mwenzie usiku kwenda chooni, asubuhi bweni halisalimiani, dada wa bweni anawakalisha wote anauliza nani, kimyaaa, mpaka metroni aje aseme maji yote yamwagwe kwenye pipa moja tuanze upya. Na kuna walioanza urafiki kwenye kesi hizohizo, mimi mmoja wapo, mshtaki wangu baadae alisimama pembeni yangu siku naolewa.

Sikuhizi maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora mjini kupitia Nzega, kwahyo hali sio ile. Lakini maji kufika mkoani na maji kufika bafuni kwa mabweni ni vitu viwili, piga simu shuleni uulize wazi. Vyovyote iwavyo mnunulie ndoo yenye mfuniko, lita ishirini, na jina liandikwe kwa rangi ya mafuta sio maka peni.

La pili ni chakula, na hapa watu wa Kigoma tuna heshima yetu. Cha shule ni uji, kande, ugali maharage, wali nyama siku ya kuhesabu. Watu wanaishi kwa kilichomo kwenye tranka. Na hawali peke yao, mnaunda chama cha watu wanne watano, mmoja analeta karanga, mwingine sukari, mwingine Blue Band, mnakula kwa zamu mpaka mwezi uishe. Mimi nilikua naenda na dagaa wa kwetu waliokaangwa wakakauka na chumvi na pilipili ndani ya kopo, asikwambie mtu, nikifungua lile kopo dainingi nilikua napata salamu hata kwa viranja. Mawese mwanzoni walinicheka eti nakula mafuta ya gari, mwezi wa tatu toka nifike wananyoosha sahani. Wanyamwezi wao walileta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, unatafuna na karanga usiku wakati wa prepo, kujisomea darasani, na njaa inakaa kimya, na asali ya porini kwenye chupa za soda. Binti yako asile kwa kujificha chini ya shuka, nakwambia hilo kwa msisitizo, mtu anaekula chini ya shuka jina analopewa siku ile anaenda nalo mpaka mahafali.

Afu kuna ukoo. Siksi aliyekupokea siku ya kwanza akakuonesha kitanda ndo mama yako, aliyempokea yeye ni bibi yako hata kama ameshamaliza shule, na waliopokelewa na mama huyohuyo ni ndugu zako. Sio mchezo wa kitoto kama unavyosikika. Mama anakurithisha madesa yake, yaani notsi, anakukagua sketi kabla ya paredi, anakwambia mwalimu yupi anauliza maswali ya nyuma. Na akimaliza anakuachia ndoo, kwanja, na fagio. Ndoo niliyoachiwa ilikua na majina matatu yamepakwa rangi moja juu ya jingine, nikaongeza langu.

Jumamosi usiku ni disko. Wasichana watupu, kwahyo uoga hakuna, watu wanacheza mpaka jasho, wanaazimana nguo za nyumbani mpaka hujui gauni ni la nani. Kuna maonesho ya mitindo kwa mashuka na kanga, majaji ni walimu wa zamu. Wasukuma wa Shinyanga walikua wanatoa majembe stoo wanacheza bugobogobo wanarusha jembe juu wanalidaka, na metroni anapiga kelele mtaumizana. Wavulana unawaona kwenye dibeti na misa za pamoja tu, wakija wale wa Tabora Boys lazima waanze kwa kukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alisoma kwao, kila mara, kama vile tumesahau. Barua zilikua zinapita ndani ya madaftari, nadhani sasa zimehamia kwenye simu, na hapo mimi naona barua ilikua na nafuu maana ukiikamata umeikamata.

Mashetani. Ni kweli wasichana wanaanguka. Anaanza mmoja kwenye prepo, analia, anapiga kelele, wa pembeni anafuata, ndani ya nusu saa wako kumi, wanaitwa padri na shehe, kila mtu na maombi yake. Sikatai imani ya mtu, ila nilichokiona ni kwamba ilitokea karibu na mitihani, kwenye joto la mwezi wa kumi, watu hawajalala vizuri, maji hakuna. Na sio jambo la Tabora wala la leo. Mwaka 1962 shule ya wasichana Kashasha huko Muleba wanafunzi walianza kucheka mwishoni mwa mwezi wa kwanza wakashindwa kuacha, ikawakumba 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi wa tatu, na madaktari hawakukuta ugonjwa wa mwili wala sumu, wakasema ni msongo unaoambukizana. Kwetu dawa iliyofanya kazi ni metroni mmoja mtu mzima, alikua anawatenganisha tu, huyu bweni hili yule bweni lile, anawapa maji na kuwafukuza watazamaji. Mwambie binti akiona mtu anaanguka aondoke pale, asikae kutazama.

Kwamba hataharibika siwezi kukuhakikishia, na nyumbani huwezi kuhakikishiwa pia.

Hela: ada ya fom faivu na siksi serikalini ilifutwa 2022, zamani bodingi tulilipa elfu 70 kwa mwaka, ila michango na vitu vya kwenye fomu bado utanunua, godoro, shuka, chandarua, kwanja, rimu. Sweta usimkatalie. Akipanda treni Kigoma asinunue samaki wabichi Nguruka hata wakiwa bei ya bure, wataoza kabla hajaripoti na harufu itamtangulia getini. Chumvi ya Uvinza anunue, ni zawadi nzuri kwa mama yake wa bweni. Simu zimekatazwa shuleni, asijaribu kuificha kwenye unga. Makufuli mawili, la tranka na la akiba, na dagaa wakaangwe wakauke kabisa, wakibaki na mafuta sisimizi wa Tabora watawahi kabla ya wenzie.