Kiini changu kilichozalisha umeme

Wadogo zangu wa konveta (vifaa vya kubadilisha umeme), nawapenda, ila nimeletewa tena ripoti yenye upotevu wa kiini, yaani nishati inayogeuka joto ndani ya kiini cha sumaku cha koili, uliovimba karibu mara sita, na mwenyewe anataka tubadilishe feraiti, kauri ya sumaku iliyotengenezewa kiini hicho. Feraiti haina kosa.

1. B, yaani msongamano wa sumaku ndani ya kiini, ya kwenye grafu za mtengenezaji ni ya kilele. Ukiingiza kilele hadi kilele umeiongeza maradufu, na kwa kipeo cha B cha 2.5 upotevu unapanda mara 5.7. Gawa kwa mbili kwanza.

2. Fomula ya Steinmetz, ya kukadiria upotevu kutokana na masafa na B, ni ya wimbi la saini. Nyie mnaendesha wimbi la mraba, tena juu ya DC. Tumieni iGSE, fomula hiyo iliyoboreshwa kwa mawimbi yasiyo ya saini, mkijua kwamba nayo DC haiioni.

3. Kupima. Hapa acheni niungame. Nilizungushia kiini koili mbili kama kila mtu, moja ya kupitisha mkondo, nyingine ya kusoma volti, osiloskopu ikazidisha mkondo kwa volti, nikapata upotevu mdogo wa kupendeza. Nikautangaza kikaoni. Kadiri nilivyopandisha masafa, upotevu ukazidi kushuka, nami badala ya kushtuka nikatunga sababu: labda mchanganyiko mpya, labda hili, labda lile. Kwenye kilohezi 500 namba ikawa hasi. Yaani kiini kinarudisha umeme! Unajua nilifanya nini? Nikafuta alama ya kutoa, nikaendelea kuchora grafu. Na kiini chenyewe ukikigusa, unaondoa kidole mbio.

Mkondo kwenye kiini kizuri hubaki nyuma ya volti kwa karibu digrii 90. Changu kilikuwa kwenye 89 hivi, na upotevu wote umo ndani ya ile digrii moja iliyobaki. Kwa kilohezi 500, digrii moja ni nanosekunde 5.6 tu. Probu yangu ya mkondo, kile kipimio kinachounganishwa na osiloskopu, ilichelewa kuliko ya volti kwa zaidi ya hapo. Fundi mkuu wa maabara alitoa kiini, akaweka rezista isiyo na induktansi, ambamo mkondo na volti huenda pamoja, akanionyesha mawimbi mawili yaliyopaswa kulaliana yakiwa yameachana wazi kabisa, kisha akarudi kwenye kazi zake. Afadhali angenitukana.

Basi sawazisheni probu kila mnapozibadilisha. Kila mnapozibadilisha, jamani, si mwanzo wa mradi tu.

4. Feraiti nyingi za manganizi na zinki kwa kazi za nguvu hupoteza kidogo kabisa kati ya nyuzi joto 80 na 100. Ukivuka hapo, joto linaongeza upotevu, upotevu unaongeza joto, na mbio hizo mshindi wake ni moshi. Kwa hiyo namba ya nyuzi 25 usiniletee, labda kama konveta yako inaishi kwenye friji.

5. Koili ikae mbali na nafasi ya hewa iliyoachwa kwenye kiini, walau mara mbili ya upana wa nafasi hiyo. Sumaku inayofurika pale huchemsha shaba, halafu mnakuja kunishtakia kiini.