Jibu: Mdogo wangu analia tangu ajifungue, kliniki wanasema ni uchovu

Pole sana dada. Kwa nilivyokuelewa, mdogo wako ana wiki 5 tangu ajifungue, analia kila siku, halali hata mtoto akilala, na kliniki walimpima mtoto tu.

Kwanza muulize leo, mkiwa wawili: unawaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto? Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, au kama anasikia sauti, msisubiri kliniki. Mpelekeni hospitali ya wilaya au ya mkoa leo leo, na asiachwe peke yake hata kidogo.

Kama sivyo, nikueleze tulivyofanya kwa mke wangu. Kilio cha siku za mwanzo kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2. Chake kilipita mwezi, na sisi pia tuliambiwa uchovu. Kilichotufungulia njia ni chanjo ya wiki 6. Niliingia naye ndani nikamwambia nesi, "Leo naomba mama naye apimwe." Tukaomba yale maswali 10 ya Edinburgh, ya kupima sonona (ugonjwa wa huzuni) baada ya kujifungua, kwa sababu yanatoa alama, na alama inaandikwa kwenye kadi. "Analia sana" hakuna anayeiandika. Tukatoka na rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Mdogo wako aombe pia kipimo cha wingi wa damu.

Zipo dawa za sonona ambazo mama hutumia huku akinyonyesha. Ipi, hilo ni la daktari. Akianza asiziache mwenyewe.

Na nyumbani asiambiwe ajikaze. Akishanyonyesha usiku, mchukueni mtoto ili mama alale.