Nguzo Zinazofunguka Kama Migomba

SWALI: Mhariri, salaam. Mwezi uliopita nilipanda ndege Songwe, asubuhi yenye ukungu, kumpelekea binti yangu aliye Dar es Salaam mchele wa Kyela na maparachichi. Kwenye kioo cha mashine ya ukaguzi niliona begi langu limegeuka rangi ya chungwa, kufuli yake ikiwa buluu. Nilipofika Dar es Salaam, nikainua macho nikaona nguzo za jengo zinafunguka kwa juu kama migomba ya kwetu, nikasimama hadi walio nyuma yangu wakaniomba niwapishe. Binti yangu anasema ninatunga mashairi mahali pa mitambo. Je, nilikosea?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Hukukosea, mama, na nguzo zile zinastahili kutazamwa hata foleni ikisubiri. Jengo la pili la abiria la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 1984, lilisanifiwa na Mfaransa Paul Andreu, mtu aliyesomea uhandisi na usanifu majengo, na elimu zote mbili zinaonekana hapo juu: mbavu zilizotawanyika hupokea uzito wa paa, huukusanya na kuushusha kwenye nguzo, nayo nguzo huukabidhi ardhi. Wengi wangesema ni kama mti, lakini mfano wako wa mgomba ni sahihi zaidi, kwa kuwa kile tunachokiita shina la mgomba si mbao bali ni sehemu za chini za majani zilizoshuka na kukumbatiana, tabaka juu ya tabaka, kama mbavu zile zinavyokutana na kuwa nguzo.

Rangi nazo hazikuwekwa kwa urembo. Mashine hupitisha eksirei za nguvu mbili tofauti, kisha hulinganisha jinsi kila kitu kilivyozizuia. Vitu vyenye elementi nyepesi kama kaboni na oksijeni, yaani mchele, parachichi na hata kitambaa cha begi, kompyuta huvipaka rangi ya chungwa, na metali nzito kama chuma hupakwa buluu. Ulichokiona, basi, ni shamba lako likitenganishwa na kufuli yake.

Binti yako akija Tukuyu, mkatie mgomba uliokwisha kuzaa, aone tabaka zake, na akirudi Dar es Salaam asimame pale uliposimama wewe.