Mtani kaninywea soda

Swali lenu la wiki hii, kama umewahi kukutana na mtu usiyemjua kwenye siku ya utamaduni mjini na ikawaje, limenichekesha peke yangu kwenye daladala. Langu mimi ni la Kijiji cha Makumbusho hapa Dar, kule kwenye nyumba za asili za makabila, pale barabara ya Bagamoyo, siku ya ngoma za makabila.

Sikwenda kwa hamu, binti yangu alipewa homweki ya kuchora nyumba ya asili akachagua msonge wa Wahaya, sasa ndani ya msonge kulikuwa na mzee mmoja akampa buni za kahawa za kutafuna, zile wanazochemsha na majani ya harufu halafu wanakausha, ndo ukarimu wao kwa mgeni, mtoto akatafuna moja akaitemea mkononi mwangu. Hiyo tuiache.

Tukatoka nje, nikaweka soda yangu ya tangawizi kwenye benchi nikainama kumfunga mtoto kamba za viatu. Nainuka hivi, soda iko mdomoni kwa mama mmoja mtu mzima, khanga kiunoni, anakunywa taratibu kabisa kama kaletewa. Nikaanza na shikamoo, maana ningeanzaje? Akameza kwanza. "Marahaba mwanangu." Nikamwambia mama samahani, hiyo soda ni yangu. "Najua. Nimekusikia unavyoongea na mtoto, we si Mzaramo wewe?" Nikasema ndiyo. "Basi nyamaza, mtumwa wangu mimi."

Hapo nikajua nimepatikana, Msukuma! Wasukuma na Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara, karne ya 19 huko, walikuwa wanapita kwetu Uzaramoni na meno ya tembo kwenda Bagamoyo, na mtani hata umuone leo kwa mara ya kwanza anachukua chako na huna pa kushtaki. Kijana mmoja pembeni alishatoa simu anarekodi akijua kuna ugomvi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Braza, mnajuana?" Nikamwambia hatujuani. Alibaki anatushangaa tu bana.

Mara bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, ikaanza, wanaume wanarusha majembe juu na kuyadaka, yule mama akanishika mkono hadi katikati akanikabidhi jembe mbele za watu, nikalirusha, likaangukia huko. Uwanja mzima kicheko. "Mzaramo na jembe wapi na wapi, nyie kazi yenu kufuata ngoma ya mdundiko barabarani na kula nazi!" Na mimi sikumwacha, nikamwambia afadhali sisi, nyie mkifika ufukweni mnaonja kwanza maji kama kweli yana chumvi. Alicheka mpaka akakaa chini, yaani akakaa chini kabisa kwenye vumbi na khanga yake, ikabidi nimuinue.

Msonge haukuchorwa. Binti alimchora yule mama na chupa, mwalimu akaandika "nyumba iko wapi?" kwa peni nyekundu.

Wakati wa kuondoka mama akafungua pindo la khanga akatoa shilingi 500 akampa mtoto, "kamnunulie baba yako soda, naona anataka kulia." Soda yenyewe niliinunua 800, kwahiyo namdai 300 mpaka leo, na jina lake sikuuliza.