Mwanafunzi wa Fildi, Nenda Kwenye Kikao Kabla Hujafungua Kompyuta

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa maendeleo ya jamii, ambaye amepangiwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika shirika lisilo la kiserikali linalolea vikundi vya kuweka na kukopa. Aliandika hivi: "Dada, hii ni wiki ya tatu napanga mafaili na kutoa nakala za barua. Vikundi navisikia wakiongea navyo kwa simu tu. Msimamizi wa chuo anakuja mwezi ujao na kitabu changu cha kumbukumbu hakina kitu. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, lakini jibu lile halikuniridhisha, kwa kuwa swali lake lilinirudisha Muheza, mkoani Tanga, mwaka 2014, kwenye jambo ambalo nimelisimulia kwa watu wachache sana. Leo ninalieleza kwa urefu kwa sababu najua ninyi mnaosoma hapa mnataka kile nilichokitaka mimi: kumaliza chuo mkiwa mmeijua kazi yenyewe, na si kubeba karatasi ya alama peke yake.

Nilifika Muheza mwezi wa saba nikiwa na barua ya utambulisho, kompyuta ya kaka yangu, na imani kubwa kwamba vikundi vya kijijini vilikuwa vinamsubiri mtu kama mimi. Ulikuwa msimu wa machungwa. Malori yalikuwa yamejipanga kandokando ya barabara, wanaume wakihesabu matunda kwa kuyarusha mawili mawili, na mji mzima ukinukia maganda. Shirika lililonipokea lilikuwa dogo, lenye wafanyakazi watano na vikundi zaidi ya arobaini vya kuvitembelea. Wiki mbili za kwanza sina la kuzisimulia, maana zilifanana kabisa na hizi za huyu mdogo wangu aliyeniandikia.

Wiki ya tatu afisa wa vikundi aliugua, na nikatumwa peke yangu kwenye kikao cha kikundi kimoja cha akina mama, nje kidogo ya mji. Niliambiwa nikaangalie tu. Sikuangalia tu.

Kwa ambaye hajawahi kuketi kwenye kikao cha namna hii, inafaa nieleze kinavyokwenda, kwa sababu kosa langu lote limo humo. Mfumo wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE liliwasaidia wanawake wa vijijini kuweka akiba na kukopeshana fedha zao wenyewe bila benki, kisha ukasambaa katika nchi nyingi za Afrika, na huku kwetu ukazaa vikundi vya hisa na VICOBA, yaani benki za jamii vijijini, tunavyovifahamu. Kikundi hiki kilikuwa na wanachama 24. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na kila mwanachama aliruhusiwa kununua hisa moja hadi tano kwa kikao, kila hisa ikigongewa muhuri mmoja kwenye kitabu chake, hivyo hata asiyejua kusoma aliweza kuhesabu mihuri yake. Fedha zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo walikuwa nazo akina mama watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe lilikaa kwa mtu wa nne. Ndani ya sanduku kulikuwa na mifuko miwili ya kitambaa: mmoja wa fedha za mikopo, na mwingine wa mfuko wa jamii, yaani mchango mdogo ambao kila mtu hutoa sawasawa kwa ajili ya misiba, ugonjwa na majanga. Mwishoni mwa kikao salio la kila mfuko hutangazwa kwa sauti, na wanachama wote hulikariri ili wakumbushane kikao kinachofuata kabla sanduku halijafunguliwa.

Mimi sikuyajua hayo. Chuoni tulikuwa tumefundishwa nadharia za maendeleo shirikishi kwa mihula miwili, na hakuna siku hata moja tuliyofungua leja ya kikundi, yaani daftari lake la hesabu. Nilifika nimechelewa, wakati salio lilikuwa limekwisha kukaririwa. Niliomba leja, nikaketi pembeni kwenye kigoda, nikaanza kuingiza tarakimu kwenye kompyuta yangu, safu moja kwa michango yote, nikiamini kwamba nawafanyia hisani. Fedha zilipohesabiwa, jumla yangu haikulingana na iliyokuwa kwenye mkeka. Nilirudia mara mbili. Kisha nikanyoosha mkono na kusema, mbele ya watu 24 na watoto wao: "Samahani, kuna upungufu wa shilingi 30,000."

Nakumbuka ukimya ule. Nakumbuka pia kwamba hakuna aliyenitazama mimi. Wote walimtazama mweka hazina, mama wa makamo aliyekuwa amevaa kanga ya rangi ya zambarau, na mikono yake ikasimama juu ya noti alizokuwa akizipanga kwa thamani. Hakujitetea. Alisema tu, "Hesabuni tena," na sauti yake haikutoka vizuri.

Aliyenisahihisha ni bibi mmoja aliyekuwa ameketi karibu na shina la mwembe, ambaye baadaye niliambiwa hajui kusoma hata jina lake. Alisema taratibu kwamba wiki tatu zilizopita walimzika mume wa mwenzao, kwamba siku ile walitoa shilingi 30,000 kutoka mfuko wa jamii, na kwamba mfuko ulibaki na shilingi 12,400. Katibu akafungua ukurasa wa mwisho wa leja, ambao mimi sikuufungua kabisa, na malipo yale yalikuwepo, yameandikwa kwa kalamu nyekundu, pamoja na tarehe na alama za vidole vya mashahidi. Mfuko wa jamii ulipohesabiwa peke yake ulikuwa na shilingi 12,400 kamili.

Niliomba radhi palepale, nusu nusu, nikidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Kabla ya magharibi, maneno yalikuwa yamefika sokoni kwamba mtaalamu kutoka mjini amegundua wizi kwenye kikundi, na habari ya ukurasa wa mwisho haikusafiri pamoja nayo. Baada ya siku nne yule mama alimpelekea mwenyekiti ujumbe kwamba anaacha nafasi yake. Nilipomweleza msimamizi wangu ofisini, alinijibu kwamba mambo ya vijijini huwa yanapoa yenyewe, na akanirudisha kwenye mafaili. Jibu lile liliniuma, na linaniuma hadi leo, kwa sababu yeye ndiye aliyenituma bila neno hata moja la maelekezo, na alikuwa na uwezo wa kulitengeneza jambo lile kwa ziara moja ya nusu saa.

Nilikwenda peke yangu nyumbani kwa yule mama. Nilimkuta uani akichambua machungwa, kila moja akilifuta kwa ncha ya kanga, akiligeuza kuangalia kitovu, kisha akiliweka kwenye fungu la kuuza au la kula nyumbani. Alinikaribisha, akanipa kigoda, na aliendelea na kazi yake huku nikizungumza. Nilipomaliza alisema: "Mwanangu, hesabu yako ilikuwa sawa kwa karatasi uliyoishika. Ila ulishika karatasi moja." Alinisamehe, na kikao kilichofuata nilisimama nikaomba radhi kwa maneno kamili, nikaeleza kosa lilikuwa wapi na kwamba lilikuwa langu. Kwenye nafasi yake hakurudi.

Wiki zilizobaki nilikwenda kila kikao, bila kompyuta, nikiketi karibu na katibu na kumuuliza maana ya kila mstari. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ofisi haikuliona kwa miaka. Marejesho ya mikopo yalipangwa kila mwezi kwa kiwango kile kile, ilhali fedha za akina mama wale ziliingia kwa wingi wakati wa machungwa na kwa kudondoka miezi mingine. Ili kulipa rejesho la miezi mikavu, baadhi yao waliuza machungwa yakiwa bado machanga mtini, kwa bei ya mnunuzi anayejua kwamba una shida. Mkopo wa kikundi, uliokusudiwa kuwainua, ulikuwa unawasukuma wauze mavuno kabla ya wakati. Niliandika majina yote 24, tarehe za mikopo, tarehe za mauzo na bei alizopata kila mmoja, tukayasoma pamoja kwenye kikao, na wao wenyewe wakabadilisha kanuni: mkopo unaochukuliwa kwa ajili ya shamba ulipwe kwa mkupuo baada ya mavuno, na miezi ya katikati mkopaji alipe riba tu. Najivunia majedwali yale kuliko kitu chochote nilichoandika chuoni, na sioni haya kulisema hilo.

Mwaka uliofuata niliyakuta kwenye taarifa ya shirika kwa wafadhili, hata rangi za safu zikiwa zile zile nilizozichagua mimi, bila jina langu na bila jina la kikundi.

Sasa nimefika upande huu mwingine wa meza. Ninaratibu vikundi katika shirika jingine, na kila mwezi wa saba napokea wanafunzi wawili au watatu. Kwa hiyo ninachomwambia mdogo wangu aliyeniandikia, nawaambia ninyi nyote: nenda kwenye kikao. Kila shirika la namna hii lina ratiba ya vikao vya vikundi, mara nyingi imebandikwa ukutani. Inakili, chagua kikundi kimoja kinachokutana karibu, na mwombe afisa wa vikundi kwa adabu akuruhusu umsindikize, hata kama ni kwa kumbebea mafaili. Afisa anayezunguka vikundi kumi kwa wiki hakatai mtu wa kumsaidia kuandika. Ukifika, wahi kabla sanduku halijafunguliwa, usikilize salio likikaririwa, na usiseme lolote kuhusu fedha mpaka uwe umeuliza kurasa zote za leja zinahusu nini. Ukiona tofauti, mwendee katibu pembeni. Usiitangaze. Narudia kwa sababu najua mtasahau: usiitangaze.

Kitabu chako cha kumbukumbu kiandike jioni ile ile, ukitaja ulichokiona na si majina ya majukumu. Msimamizi wa chuo akisoma "nilihudhuria kikao" hana la kukuuliza. Akisoma kwamba wanachama sita hawakununua hisa siku hiyo kwa sababu ada za shule zilikuwa zimefika, atakaa na wewe saa nzima.

Kazi ya kusaidia ipo, na sasa ni nyingi kuliko zamani. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama hivi vinatambuliwa kama watoa huduma wa daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri, na vikundi vingi vinakwama kwenye katiba, mihtasari na fomu. Mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nao unadai kikundi kilichosajiliwa chenye kumbukumbu zinazosomeka. Mwanafunzi anayeketi na katibu kwa wiki nne, akamsaidia kuandika mihtasari iliyonyooka, ameacha kitu. Nimewaona akina mama waliokosa mkopo huo kwa sababu ya karatasi wakaishia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, wakanyang'anywa hadi magodoro.

Nanyi wenzangu mnaopokea wanafunzi, nina neno. Kijana anayeletwa kwenu kwa wiki nane si mtumishi wa bure wa kupeleka barua. Mpeni siku mbili za kufundishwa leja, mtumeni na mtu anayejua, akikosea kijijini nendeni naye kutengeneza, na akifanya kazi nzuri andikeni jina lake. Haligharimu chochote jina la mtu kwenye ukurasa. Na kabla hajaondoka, hakikisheni amerudi kwenye kikundi kuwasomea alichokiandika juu yao, kwa Kiswahili wanachokielewa, maana habari zile ni mali yao kabla hazijawa za chuo au za mfadhili.

Mwaka jana nilipita Muheza nikiwa safarini kwenda Tanga, nikashuka. Kikundi kipo bado, wanachama wamefika 29, na kanuni ya mkopo wa shamba inatumika. Yule mama nilimkuta barabarani na meza yake ya machungwa. Alinifungia ishirini kwenye mfuko, akakataa fedha, akaniuliza kama siku hizi nafundisha watoto wa chuo. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza siku ya kwanza nawafundisha nini, nikamjibu kwamba nawafungulia leja kuanzia ukurasa wa mwisho.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ulisema ofisi yenu ina kikundi kinachokutana Alhamisi saa tisa alasiri. Omba ruhusa kesho asubuhi, mafaili yabaki kabatini. Alhamisi jioni niandikie uniambie mfuko wa jamii umebaki na kiasi gani, na ni nani aliyekuwa wa kwanza kulikariri salio lake.